Kikao cha Chura

Ilianza Jumapili ya pili ya Novemba, mwaka 1999, saa saba na robo mchana. Saa naikumbuka kwa sababu Mama alikuwa ndiyo kwanza ametoa kichwa dirishani kumwambia Baba kwamba nyama ilitangazwa kuwa ya saa saba, sasa ni saa saba na robo, na makaa yake bado meusi tititi.

Mimi nilikuwa sebuleni, nimekaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya Yaya. Yaya ni msusi Mkongo wa pale Yeoville, rafiki ya Mama, na Yaya si jina lake. Ndivyo kwao wanavyomwita dada mkubwa. Upande wa kushoto wa kichwa changu ulikuwa tayari una mistari iliyonyooka kama shamba la mahindi. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimesimama zote, zinasubiri zamu yao. Na mimi nilikuwa nalia.

"Mutoto, unalia nini? Hata sijavuta."

"Si nywele, Yaya."

"Njo nini basi?"

"Chura."

Yaya alikuwa juu ya kochi na chanuo lake mkononi kabla sijavuta pumzi ya pili. Mtu mzima, mama wa watoto wanne, amepanda kochi la wageni la Mama na ndala zake miguuni! "Iko wapi? Iko wapi? Mi naogopa ile kitu kupita nyoka!"

Nikacheka. Nani anaweza kuendelea kulia wakati mtu mzima yuko juu ya kochi? Ilibidi nimweleze yote, polepole, ndipo akakubali kushuka.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwalimu wetu wa Kiingereza alipitisha kofia darasani, ndani yake vikaratasi vilivyokunjwa. Kila mwanafunzi achukue kimoja, na neno atakalolikuta alitafute katika lugha saba za Ulaya, halafu Jumatatu asimame mbele ya darasa aongee dakika tatu juu ya hayo aliyoyapata. Mwenzangu wa kulia akapata mkate. Wa kushoto akapata mwezi. Mimi nikafungua changu nikamkuta chura. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hajawahi kuacha kitu kipite bila kukitia chumvi, akasema, "Chura mwenyewe ataongea kabla ya huyu." Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka pia kidogo, kwa sababu ilikuwa kweli.

Siongei. Nyumbani naongea kiasi, na Yaya naongea naye kwa kuwa ananiona kisogo tu. Lakini mbele ya watu hata jina langu silitaji. Mimi ni mtu wa kuandika. Naandika kila siku, kwa Kiswahili, kwa sababu darasani kwetu hakuna anayeweza kukisoma. Hata wale wawili ambao mama zao ni Watanzania wanakisikia tu, wanajibu kwa Kiingereza au Kizulu. Mwaka ule nilikuwa nimeshaitwa mbele mara mbili. Mara ya kwanza nilishika karatasi mbele ya uso nikaisomea karatasi, na mwalimu akasema alisikia upepo. Mara ya pili niliomba kwenda chooni, nikakaa huko mpaka kengele ya mapumziko. Baada ya hapo mwalimu aliniita pembeni, wala hakunikaripia, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mtoto wangu," alisema, "ukinyamaza na mara hii, itabidi urudie darasa la tisa. Wenzako watapanda, wewe utabaki."

Basi. Jumatatu ilikuwa kesho yake, na hata neno moja sikuwa nalo. Maktaba ya shule ilikuwa na kamusi moja ya Kijerumani, na aliyepata mwezi aliiwahi. Wenzangu hawakuwa na wasiwasi wowote. Huyu ana bibi Mgiriki, yule ana babu Mwitaliano, mwingine nyumbani kwao wanaomba Mungu kwa Kireno. Wangekula chakula cha Jumapili na lugha saba zingeteremka pamoja na mchuzi. Sisi je? Mama wa Morogoro, Baba wa Orlando, hapa hapa mjini. Ulaya yetu ilikuwa wapi?

"Aa, lakini mi iko na Kifaransa," Yaya akasema, akinirudisha kwenye kreti. "Njo moja hiyo. Ile yenye watu wanakulaka, ni grenouille. Ile ya mabaka-mabaka yenye inakaaka kwa mulango, ile ni crapaud. Usichanganye, utakufa."

"Sitamla, Yaya. Nitamtaja tu."

"Hata kutaja, taja vizuri."

Hapo ndipo Mama alipopaza sauti kutoka jikoni, mikono ikiwa kwenye unga wa chapati: "Na wewe si umuulize baba yako! Amekaa Ujerumani miaka mitatu, hajui chura?"

Nilifikiri anatania. Baba, Ujerumani?

Lazima niseme kitu kuhusu Baba na wenzake. Waliondoka nchini wakiwa vijana, wakati wa ubaguzi wa Makaburu, wakarudi wakiwa na mvi na baadhi yao wakiwa na wake Watanzania. Yaliyokuwa katikati wanayaita "nje". Tulipokuwa nje. Yule alikuwa nje. Hii nyimbo tuliiimba nje. Mimi tangu mdogo nilidhani Nje ni nchi moja kubwa, ambamo Morogoro ni mji mkuu. Huwaulizi walikuwa nje ipi. Ni adabu ya nyumba yetu kama vile kuvua viatu: wao wenyewe hawaulizani, maana enzi zile mtu asiyejua hawezi kulazimishwa aseme. Nchi imekuwa huru tangu nikiwa shule ya msingi lakini desturi haijapata habari.

Kwa hiyo Mama aliposema vile, kelele za barazani zilikatika ghafla. Wageni walikuwa wameshafika. Kila mwezi Jumapili moja huja kwetu, na kwetu huongea Kiswahili, kwa sababu Morogoro iliwapa, na kwa sababu wanafurahi kuwa na lugha ambayo watu waliosimama kwenye roboti, yaani taa za barabarani, hawaielewi. Siku ile walikuwa watatu. Anti, ambaye ni nesi, na hata akikusalimia anakushika kifundo cha mkono kana kwamba anahesabu mapigo. Anko Mkulima, anayelima maua ya kuuza na mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Na Anko wa Sandton, mwenye kazi benki, anayekuja na gari safi na simu ya mkononi kiunoni.

Baba alitokea mlangoni, koleo la kugeuzia nyama mkononi. Alinitazama mimi, akamtazama Mama, akamtazama Yaya na kichwa changu nusu kwa nusu.

"Frosch," akasema.

Alilitoa kama mtu anayetema mbegu aliyoificha shavuni miaka kumi na mitano. Kisha akatabasamu, na mimi sikumbuki kumwona Baba akitabasamu kwa neno. "Nilisomea uchapaji huko. Karibu na bweni kulikuwa na dimbwi. Frosch."

"Ujerumani ipi?" Anti akauliza.

"Ile ambayo haipo tena."

"Ah! Kumbe tulikuwa majirani," akasema Anti, na macho yake yakawaka. "Mimi ni lyagushka. Moscow, kisha Kiev. Tulimpasua darasani, maskini. Lyagushka!"

"Zhaba!" akanguruma Anko Mkulima akiingia na sahani yake. "Bulgaria! Shamba la serikali! Zhaba, na hakuna ubishi!"

Wote watatu wakaanza kuongea kwa pamoja. Nani alikuwa wapi, mwaka gani, kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukituma kofia za manyoya, kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukizipokea. Watu waliofahamiana miaka ishirini, wakala pamoja, wakazikiana ndugu, ndiyo kwanza wanajuana kupitia kwa chura! Mimi mdomo wazi, Yaya amesahau chanuo ndani ya nywele zangu. Ulaya yetu ilikuwa barazani siku zote, inasubiri nyama.

Anti akagonga sufuria kwa mwiko. "Utaratibu! Utaratibu, ndugu zangu! Hatuwezi kuendesha jambo hivi kama soko la Newtown. Lina mwenyekiti au halina?"

Hapa ni lazima ieleweke kwamba Kiswahili chao ni cha mikutano. Morogoro walijifunza kuomba chumvi baadaye sana. Kwanza walijifunza kuomba mwongozo. Hawawezi kununua mkaa bila ajenda. Katika muda wa kufumba na kufumbua viti vilipangwa mviringo, Baba akateuliwa mwenyekiti, akakataa, akateuliwa tena, akakubali akiwa na koleo kama rungu la bunge.

"Kikao kimefunguliwa," Baba akasema. "Ajenda ni moja. Chura. Mwenye hoja asimame aitoe."

Wote wakanigeukia.

"Mimi?"

"Ndugu mtoa hoja, simama."

"Anataka kusimama na kichwa hii?" Yaya akauliza.

"Mgeni mwalikwa anaruhusiwa kuendelea na kazi yake," Baba akaamua. Nikasimama. Yaya akapanda juu ya kreti nyuma yangu akaendelea kusuka, na hivyo ndivyo nilivyotoa hotuba yangu ya kwanza maishani, nimeshikwa nywele. Sauti ilitoka ndogo kama ya mbu. Nikasema mwalimu anataka lugha saba, kesho, mbele ya watu, na nikishindwa nitarudia darasa. Nikawa nimeshakimbiza mkono kwenye meza kuchukua karatasi na kalamu niandike frosch kabla halijapotea.

"Weka kalamu chini," Baba akasema.

"Nitasahau, Baba."

"Kitu cha maana hakiandikwi."

Nilidhani ni mchezo, lakini hakuna aliyecheka. Anti ndiye aliyenieleza. Huko nje karatasi iliyokutwa mfukoni iliweza kumfunga mwenye nayo, na mwenzake, na mwenye nyumba aliyewalaza. Kwa hiyo anwani, ujumbe, majina, njia, vyote vilikaa kichwani, na vilikaa kwa namna moja tu: unasema kwa sauti, mwenzako aliye mbali anasikiliza, asiposikia au ukikosea anainua mkono, na wote mnaanza upya toka mwanzo. "Wote," alisema Anti. "Si wewe peke yako. Ndiyo maana hukosei mara mbili. Unawaonea wenzako huruma."

Nikaona mpango wangu wote unaporomoka. Nilikuwa nimepanga kuandika maneno saba kwenye kikaratasi, kesho nikifiche usoni, niyapulize kama upepo ule ule. Mwalimu angeruhusu kikaratasi. Makomredi hawa hawakuruhusu.

"Hoja ya pili," akasema Anko Mkulima kabla sijaanza kulia tena. "Mimi naongeza rana. Kihispania. Maana baada ya Bulgaria nilipelekwa Kuba."

"Taarifa, Mwenyekiti!" Anti akainuka. "Kuba haipo Ulaya!"

"Kihispania kimezaliwa wapi, Kuba?"

"Na zaidi ya hapo, ndugu huyu ameshatoa zhaba. Mtu mmoja, kura moja! Tulipigania nini?"

Sebule ikalipuka. Anko Mkulima alisimama juu ya haki yake kama aliyekalia shamba. Alisema hatuwezi kumwadhibu mtu kwa kusafiri. Yaya akasema yeye hapigi kura, anataka tu kichwa kitulie. Mwishowe ikapitishwa kwamba rana aingie, kwa masharti kwamba Anko Mkulima asitie neno tena mpaka nyama.

Hakutimiza. Baba alipotaja kwamba chura wa Kijerumani hulia quak, Anti akasema uongo, hulia kva-kva, na Anko Mkulima akasema wote wawili hawajawahi kusikiliza, akajaza mashavu hewa na kutoa mlio ambao mpaka leo sijui tumbo lake liliutoa wapi. Baba naye akajibu kwa wake. Mwenyekiti! Na koleo! Nesi mwenye miaka hamsini na kitu alikuwa akirukaruka kwenye zulia akisema kva. Mama akatoka jikoni na mwiko. "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji," akasema, "lakini mimi zinanizuia kukaanga!" Akarudi, na tukamsikia akicheka peke yake huko.

Nyama ilipoletwa na Anko Mkulima alipopumzika, jasho likimtoka, alisema kitu kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. Usiku wa kwanza kule shambani hakumwelewa hata mtu mmoja. Wanamwambia kaa, anasimama. Wanamwambia kula, anatoka nje. Usiku vyura wakaanza kwenye mfereji. "Nikasema, haya, hawa nawaelewa. Hawa ni wale wale wa kwetu." Kisha akaomba pilipili.

Tulikuwa na tano. Frosch, lyagushka, zhaba, rana, na grenouille ya Yaya. Ndipo macho yakamwendea Anko wa Sandton, ambaye tangu nyama iletwe alikuwa akikata yake vipande vidogo sana.

"Na ndugu yetu wa Sandton? Ulikuwa nje ipi?" Baba akauliza.

"Eish, Mwenyekiti. Hungaria."

"Miaka mingapi kule?"

"Sita."

"Na chura?"

Anko wa Sandton alifuta mdomo. "Mimi nilisomea uchumi, ndugu zangu. Naweza kuwaambia mpango wa miaka mitano. Ötéves terv. Naweza kuwaambia ushirika, pato la taifa, mavuno kwa hekta."

"Chura!"

"Trekta ni traktor," akasema kwa unyonge.

Nilidhani Anko Mkulima atazimia. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Miaka sita! Ametetea tasnifu! Na katika lugha nzima ya watu hakuna aliyewahi kumtajia chura! Ndivyo walivyofundishwa wote, Anti akasema akipangusa machozi. Yeye mwenyewe kwa mwaka mzima alijua kusema ini na wengu lakini hakujua kuomba sukari. Walipewa Ulaya kwa vipande vilivyohitajika, na chura hakuhitajika.

Anko wa Sandton hakucheka. Alitoa simu kiunoni, akaitazama kidogo, akabonyeza namba ndefu bila kuangalia popote. Namba ilikuwa kichwani. Sisi wote tukasogea karibu. Tukasikia mlio wa mbali, kisha sauti ya mwanamke. Anko akasema maneno mengi ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema kwa ulaini namna ile, na ndani yake nikasikia akifanya kwa koo, kroo, kroo, yaani anamwigizia mnyama. Simu ikacheka. Kicheko hasa, cha mtu aliyeshikilia mbavu. Halafu Anko akainyoosha simu katikati ya sebule, na ile sauti ikasema wazi, toka huko iliko:

"Béka!"

"BÉKA!" sebule nzima ikajibu, Mama naye huko jikoni.

Anko wa Sandton akatoka na simu yake mpaka kwenye gari, akaegemea mlango, akaongea muda mrefu sana, mguu mmoja ukichora mchangani. Hakuna aliyeuliza ni nani. Ni adabu ya nyumba yetu. Lakini Anti alimwekea nyama yake ndani ya tanuri isipoe.

Sita. "La saba," Baba akasema, "kikao kinaazimia mtoa hoja alitafute mwenyewe. Anayepinga?" Hakuna aliyepinga isipokuwa mimi, na mimi, kwa mujibu wa Mwenyekiti, nilikuwa na maslahi binafsi.

Kisha tukakariri. Yaya alikuwa ameshafunga rasta la mwisho, kwa hiyo sikuwa na kisingizio hata cha nywele. Nikasimama dirishani. Anko Mkulima akapelekwa barazani kuwa sikio.

"Frosch," nikasema.

Mkono ukainuka. "Sisikii!"

Wote: "Frosch!" Toka mwanzo. Nikasema tena. Nikafika lyagushka, ulimi ukateleza, mkono ukainuka, wote wakaanza upya, Anti, Baba, Yaya aliyekuwa amechoka na anataka kwenda kwake, wote, frosch, lyagushka, kama watoto wa chekechea wenye mvi. Niliwaonea huruma kweli. Nikaongeza sauti. Nikafika mpaka béka bila kosa, nikadhani nimemaliza, nikamwona Anko Mkulima anashuka ngazi za baraza, anakwenda zake mpaka getini.

"Sisikii!"

Nikapaza. Akafungua geti akatoka barabarani, akapanda mlima kidogo, chini ya mijakaranda iliyokuwa inamwaga maua, akageuka, mkono juu.

"Sisikiiii!"

Na mimi, mtoto wa upepo, nikatoa kichwa dirishani na rasta zangu mpya, nikapiga kelele ambazo sikujua ninazo: "FROSCH! LYAGUSHKA! ZHABA! RANA! GRENOUILLE! BÉKA!" Mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa akasimama. Mbwa akabweka. Anko wa Sandton, bado na simu sikioni, akainua kidole gumba. Upande wa pili wa barabara mwanamke akafungua dirisha, nikadhani atatugombeza, akauliza tunasherehekea nini. Anko Mkulima akamjibu kwa Kiingereza, kwa heshima zote, kwamba ni chura. Yule mama akasema hongereni.

Tulicheka mpaka Yaya akalazimika kukaa tena kwenye kreti. Kikao kilifungwa bila mtu kukumbuka kukifunga. Nililala na koo linalowasha, na maneno yalikuwa yakirukaruka kichwani kila moja kwenye dimbwi lake.

Asubuhi iliyofuata niliondoka nyumbani mapema, mikono mitupu. Pale kona ya chini kuna duka la mzee Mreno wa Madeira. Miaka mitatu nanunua mkate kwake na sijawahi kumwambia kitu. Naunyooshea kidole kwenye kioo, ananipa, naondoka. Siku ile nilisimama mbele yake, kioo kikiwa na mikate yote, na sikunyoosha kidole.

"Samahani, mzee," nikasema, kwa sauti iliyotosha kufika barabarani. "Kwenu chura mnamwitaje?"

Alinitazama kama mkate umeongea. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, wafanyakazi wanaowahi basi. Akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni.

"Rã," akasema.

"Ra."

"Hapana, hapana. Hapa." Akajigusa pua. "Rã."

"Rã."

"Karibu upate. Tena."

Nikarudia. Mwanamume aliyekuwa nyuma yangu, mwenye kofia ya ulinzi, akajaribu naye. Mzee akamwambia yeye anakoroma tu. Yule wa nyuma yake akajaribu akasifiwa, na kukawa na kelele dukani, watu wanaongea kwa pua wote, mpaka basi likapiga honi. Mzee akanipa mkate ambao sikuwa nimeuomba, akasema kuna na sapo pia, yule mnene, nisimsahau, maana huyo kwa mama yake alikuwa kwenye kila kisima.

Darasani mwalimu alifungua daftari la majina aanze kwa herufi ya kwanza. Nikainua mkono. Alidhani naomba kwenda chooni. Nikatikisa kichwa, nikaenda mbele.

Nilitamani kikaratasi, sitaficha. Lakini nilimtazama yule kijana wa dawati la nyuma, nikamwambia yeye ndiye sikio, asiposikia ainue mkono na darasa zima litaanza upya pamoja nami. Akainua palepale, kwa utundu. Basi wote wakasema frosch. Akainua tena kwenye lyagushka. Wote wakarudia. Nikawaeleza bweni na dimbwi lake, na shamba la Bulgaria, na jinsi mtu anavyoweza kukaa miaka sita katika lugha ya watu akajua trekta asimjue chura, nikawafanyia quak na kva-kva, na simfichi mtu, nikajaza mashavu nikatoa na ule wa Anko Mkulima. Mwenzangu wa mwezi alianguka kutoka kwenye kiti. Kijana wa nyuma hakuinua mkono tena. Alikuwa amelaza kichwa juu ya dawati, mabega yakimtikisika.

Mwalimu alikuwa amesimama kando ya dirisha, miwani mkononi. Alisubiri kelele zipungue, akatazama saa ya ukutani, akaniambia kwa upole kwamba vizuri sana, vizuri sana kweli, ila dakika zangu zimepita zamani, nikakae.

Nikamwambia siwezi kukaa, bado sijafika Ureno.